Nina wiki nzima ya bure, hamu ya maisha imekata. Mngekuwa mimi mngeitumiaje?

Mkaguzi wa Foleni (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili.

Niende kwenye mada. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya watu hapa Dar, miaka 37, mke mmoja, mtoto mmoja. Naishi Chanika, ofisi iko Posta. Wanaoijua hiyo njia wameshanihurumia tayari. Naamka saa kumi alfajiri, narudi saa tatu usiku, na hapo ni siku ambayo gari halijaharibikia Gongo la Mboto.

Siumwi. Madeni yapo ila ya kawaida, si ya kuzima simu. Lakini kuna kitu ndani kimezimika. Niwape mfano. Mimi ni Yanga wa kurithi, marehemu baba aliniachia jezi kabla ya kiwanja. Mechi ya mwisho ya watani wa jadi nililala kwenye kochi kabla ya mapumziko, na matokeo nikayajua Jumatatu kwa makelele ya mlinzi wa getini ofisini. Sikufurahi wala sikuumia. Nilipanda ngazi nikawasha kompyuta.

Juzi tena mwanangu, ana miaka 6, ananiuliza, "Baba, mbona unaangalia ukuta?" Na kweli nilikuwa naangalia ukuta.

Sasa kazini wameniambia nichukue wiki moja ya likizo kabla haijaungua. Kuanzia kesho. Mama watoto kaniambia niende popote nikarudi mtu. Nina laki tatu, siongezi hata mia. Pombe sinywi. Msiniambie nikajiunge na jimu. Na msinishauri nianze biashara ya kuku, nimeshawahi, wote walikufa siku moja.

Wiki moja mngeitumiaje?

Nawasilisha.

Dereva Mstaafu

Laki tatu na hunywi? Hiyo likizo ya kanisani.

Ngoma Droo

Nimeweka kambi hapa. Na mimi nina hilo tatizo ila likizo sina.

Mwanasheria wa Kijiwe

Kwanza niweke rekodi sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa angalau siku 28 mfululizo za likizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Mfululizo, mkuu. Hizo siku saba wanazokugawia kama peremende si hisani. Ukirudi kaulizie 21 zilizobaki.

Kuhusu hamu, sina utaalamu. Mimi hamu yangu ni kusoma vifungu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mleta mada pole. Kabla watu hawajakupeleka Zanzibar, nikuulize mambo machache, na hulazimiki kuyajibu hapa, jijibu mwenyewe.

Hiyo hali ina muda gani? Unalala ukaamka umechoka vilevile? Chakula kinashuka? Ukikaa na mwanao ukamchekesha, na wewe unacheka, au hata hapo hakuna kitu? Na je, kuna siku umewaza kwamba bora usingekuwepo?

Nauliza kwa sababu kuna vitu viwili vinafanana kwa mbali. Kuna kuchoshwa na kazi mpaka unakuwa kama gunia. Hilo Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 waliliingiza kwenye orodha yao kama jambo linalotokana na kazi, hawakuliita ugonjwa. Ukitoka kwenye ile kazi ukapumua, unaanza kurudi. Halafu kuna sonona. Hiyo huachi ofisini, unakwenda nayo mpaka ufukweni. Ukiona huzuni au kukosa raha na kila kitu vinakukaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usitafute basi, tafuta daktari. Hospitali zetu za rufaa zina kliniki za afya ya akili, na kwenda huko si uchizi. Nasema hivi kwa sababu nimepokea watu waliochelewa, walikuwa wanaambiwa "kapunge upepo".

Kama ni la kwanza, endeleeni na safari zenu.

Mkaguzi wa Foleni

Nesi asante sana. Nimejijibu. Na dogo bado nacheka, hasa akimwigiza mama yake. Chakula kinashuka vizuri mno. Nadhani mimi ni lile gunia.

Sina Kazi Nina Maneno

Samahani mleta mada, ila uzi wako umenichoma kidogo. Una mshahara, una laki tatu ya kuchezea, unalia hamu imekata. Sisi tuliomaliza chuo na vyeti viko kabatini, kila wiki ni ya bure. Mimi natimiza wiki ya sitini na kitu. Nani anianzishie uzi?

Dereva Mstaafu

Kimenuka.

Mkaguzi wa Foleni

Sina Kazi, hujakosea. Nilisita hata kuandika kwa sababu hiyo. Ila wewe ndiye mwenye uzoefu wa siku za bure kutuzidi wote humu. Sifanyi utani. Unazifanyaje zisikumalize?

Sina Kazi Nina Maneno

Haya, kwa kuwa umeuliza kistaarabu.

Miezi mitatu ya mwanzo zilinimaliza. Nilikuwa naamka saa tano, nashika simu, nikija kushtuka adhana ya alasiri. Sijafanya kitu na nimechoka kuliko mtu aliyebeba zege. Siku ya bure haipumzishi mtu kwa kuwa bure tu. Ikikosa kigingi inatambaa, inakutambalia na wewe.

Kigingi changu ni mchicha. Kuna mzee ana bustani bondeni, sijamwomba kazi na hanilipi. Saa kumi na mbili asubuhi namwagilia matuta manne, ndoo ishirini na mbili, nimezihesabu. Saa moja na nusu nimemaliza, ananipa fungu mbili, moja nakula, moja namwuzia mama ntilie wa pale kona. Baada ya hapo siku ikitaka iharibike iharibike, ile asubuhi imeshakuwa yangu.

Kwa hiyo mimi ushauri wangu kwako si wapi uende. Popote utakapokwenda, tafuta kitu kimoja kila siku chenye saa yake, cha mikono, na ambacho mtu mwingine atakuuliza mbona hujaja. Usipokuwa nacho utakwenda kuangalia ukuta wa hoteli badala ya wa kwako.

Ngoma Droo

Sina Kazi kaongea kuliko walio na kazi.

Mama Mapacha

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mleta mada, nina swali dogo. Mama watoto wako wiki yake ya bure ni lini?

Msininunie. Mimi ni mwalimu wa msingi, nina mapacha wa miaka minne. Shule zikifunga, kila mtu ananiambia "mwalimu umepumzika". Nimepumzika nini, wakati darasa limehamia nyumbani? Nilichogundua mwaka jana ni kwamba kwa mama wa Kiswahili, wiki ya bure haiji mpaka aiibe. Dada yangu alikuja kutoka Singida akawachukua watoto siku nne. Siku nne tu. Siku ya kwanza nilifua, mkono ulikuwa haujui kukaa. Siku ya pili nikafunga mlango, nikapika ndizi nyama za mtu mmoja kwenye kisufuria kile kidogo cha uji wa watoto. Nikala zikiwa za moto. Wakuu, zilikuwa za moto mpaka za mwisho! Miaka minne nilikuwa sijala chakula cha moto mpaka mwisho. Nililia jikoni.

Sikwenda popote. Gharama elfu tisa na mia tano pamoja na mkaa.

Mkaguzi wa Foleni

Mama Mapacha umenipiga panapouma. Swali lako nimempelekea mwenyewe. Kajibu, "Mwambie huyo dada Mungu ambariki." Tutalizungumza.

Mkaazi wa Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu sheria ya kazi ya 2007 inatupatia siku 21 za kazi kwa mwaka, na wengi tunazimalizia matangani na harusini. Ya mwaka huu niliikataa hiyo biashara. Nilipanda treni ya Madaraka hadi Mombasa, saa tano hivi, nikalala kwa binamu yangu. Watu wakaniuliza nimeenda hoteli gani ya ufuoni. Hakuna. Asubuhi nilikuwa nakula mahamri na mbaazi, halafu nakwenda kupanda feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi chochote. Navuka, nanunua viazi karai, narudi, navuka tena. Siku moja nilivuka mara sita. Askari mmoja wa pale akaniangalia kwa wasiwasi, akaniuliza, "Kaka, umepoteza mtu?" Nikamwambia hapana, naangalia maji.

Sijui kwa nini ilifanya kazi, lakini ilifanya. Labda ni kule kuwa kati ya watu elfu wanaokimbilia kazini na wewe peke yako huna haraka.

Mpemba wa Muttrah

Nami nichangie kutoka Oman. Nipo dukani Maskati mwaka wa tisa. Hapa wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, na duka halijui wikendi. Nilipopata wiki, wenzangu wawili tukachanga mafuta tukaendesha mpaka Salalah, kama kilomita elfu moja, njia yote jangwa mtupu. Ilikuwa Agosti. Maskati unachomeka, kule kunanyunya manyunyu, milima ya kijani, ukungu. Pembeni ya barabara wanauza madafu na ndizi kwenye vibanda vya makuti. Nikasimamisha gari. Nilipopewa dafu na kijiko cha kukwangulia, basi nikajiona niko Wete, nina miaka kumi, sijui hata pasi ya kusafiria ni kitu gani. Wenzangu waliniacha pale kibandani wakaenda kutembea, wakarudi bado nipo.

Kwa hivyo mimi namshauri ndugu yetu aende pahala panapomkumbusha kabla hajawa mhasibu.

Mchaga wa Kibosho

Hapo kwenye kurudi nyumbani naomba nipinge hoja. Kijijini utakwenda na gunia lako utarudi na mawili. Mimi nilikwenda mwezi wa sita, si Desemba tunapokwenda wote, nikidhani nitapata utulivu. Siku ya pili nilipigwa mizinga saba. Ada, bati, dawa ya ng'ombe, mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua. Siku ya tatu kikao cha mpaka wa shamba. Siku ya nne nilitoroka na basi la alfajiri kama mwizi.

Mtu wa mjini kwao si pa kupumzikia, ni tawi la ofisi.

Mpemba wa Muttrah

Huo ni ukweli pia. Basi aende kwa jamaa wa upande wa mama, wale huwa hawana kikao cha shamba.

Mkaguzi wa Foleni

Wakuu, Jumatatu usiku. Leo nililala mpaka saa tano, nikaamka naona aibu, nikashika simu mpaka saa tisa. Sina Kazi uliona mbali.

Nimeamua. Maneno mawili yamekaa kichwani, la Mpemba la upande wa mama na la Sina Kazi la kigingi. Nina mjomba Pangani, kaka yake marehemu mama. Ni fundi wa vyombo vya baharini, na nilipokuwa darasa la tano alinifundisha bao. Sijamtembelea miaka kumi na moja. Nimempigia, kasema, "Njoo, ila sina kitanda cha wageni, kuna mkeka."

Simu kubwa namwachia mama watoto. Nimeazima kiswaswadu cha jirani, chenye tochi. Mrejesho Jumapili.

Dereva Mstaafu

Mrejesho hatarudi kuutoa huyu. Nyuzi za hivi huwa zinafia hapa.

Ngoma Droo

Alhamisi. Mleta mada kimya. Keshakuwa mvuvi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwacheni, kimya ndiyo dawa yenyewe.

Mkaguzi wa Foleni

MREJESHO

Nimerudi jana usiku. Nitaandika kirefu, asiyependa kusoma apite.

Jumanne niliondokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. Chalinze, Segera, Muheza machungwa yanaingia dirishani kabla gari halijasimama, Tanga saa nane. Mji wa Tanga nimeupenda bure. Ngamiani mitaa inaitwa kwa namba, barabara ya kumi, ya kumi na mbili, hata mhasibu hapotei. Nikanywa chai na mkate wa ajemi, nikadandia gari la Pangani, magharibi nimefika.

Sasa niwe mkweli. Jumatano nilitaka kurudi. Sina cha kuficha. Mjomba alitoka saa kumi na mbili, akaniacha kibarazani. Saa mbili nimeshaangalia kila kitu Pangani. Nimeona lile boma la zamani. Nimesoma habari za Abushiri aliyewapiga Wajerumani wakaja kumnyonga hapohapo Pangani Desemba 1889. Nimetazama pantoni likienda Bweni, ng'ambo ya mto, na kurudi mara nne, na nguzo za daraja jipya. Saa tatu asubuhi, nimemaliza. Mkono ukawa unaenda mfukoni kutafuta simu kubwa, unakutana na kiswaswadu. Kichwa kinauma kama mtu aliyeacha sigara. Nikasema moyoni hii laki tatu nimeitupa mtoni.

Mjomba aliporudi adhuhuri akanikuta nimenuna. Hakuniuliza nina nini. Watu wa pwani wanajua kutokuuliza. Akasema, "Kesho nina mashua ya kutia kalafati, kijana wangu kaenda Tanga. Utanishikia nyundo."

Alhamisi, basi, ndipo mambo yalipoanza. Wengi humu hamjui kalafati, hata mimi nilikuwa sijui, nilikuwa nalisikia tu jina. Mashua ni mbao zilizoungwa, na kati ya ubao na ubao kuna mwanya. Maji yanaingilia hapo. Unachukua pamba, unaisokota juu ya paja iwe kama utambi mrefu, unaipaka mafuta, unaisukumia kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo, taratibu, kipande kwa kipande. Ukigonga sana ubao unapasuka. Ukigonga kidogo pamba itatoka chombo kikiwa katikati ya bahari. Mjomba haangalii kabisa, anasikiliza. Pamba ikiwa haijashiba nyundo inalia "po". Ikishiba inalia "ti". Nilipiga po po po asubuhi nzima. Kila po mjomba anasema, bila kugeuka, "Bado."

Saa sita na nusu nikapiga ti.

Mjomba akasema, "Ehe."

Wakuu, mimi mwezi uliopita nimefunga hesabu za mwaka za kampuni yenye matawi manne, bosi kanitumia barua ya pongezi, sikuhisi kitu. Hiyo "ehe" nilitembea nayo mpaka nyumbani. Nilikuwa na malengelenge mawili kiganjani na mafuta mpaka kwenye masikio. Nikala ugali na kolekole wa kuchoma, nikalala saa mbili usiku kwenye mkeka. Nimeamka mwenyewe, hakuna kengele ya simu, ni jogoo tu na mtu anakohoa kwenda msikitini.

Ijumaa tulipaka deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa wa chini ya chombo. Inanuka, ngoja niishie hapo. Baada ya swala ya Ijumaa mjomba akatoa bao.

Hapa ndipo nilipojua nilichokuwa nimepoteza. Bao lenyewe ni lilelile la utotoni, mashimo yamelainika kama sabuni. Kete ni komwe za kijivu. Tukapanga, sita kwenye nyumba, lile shimo kubwa la mbele, mbilimbili pembeni, ishirini na mbili mkononi kila mtu. Nikanamua, yaani nikaanza kuingiza kete za mkononi moja moja. Mjomba akanamua. Nilivunja nyumba kwa papara, na kabla kete za mkononi hazijaisha mstari wangu wa mbele ukawa mweupe. Yaani mkononi, ile aibu kubwa kuliko zote. Ya pili, mkononi. Ya tatu, mkononi. Mzee mmoja muuza kahawa akasimama na birika lake, akauliza, "Fundi, leo unacheza na mtu au na kivuli chako?" Kibaraza kizima kikacheka.

Na mimi nikakasirika! Wakuu, nilikasirika! Mwenzenu nimemaliza mwaka mzima sijakasirika, nakubali kila kitu, daladala ikinipita sawa, wakinikata mshahara sawa. Nikamwambia mjomba panga tena. Ya tano tulifika kwenye mtaji, ile awamu ya kete za mkononi zikiwa zimeisha. Nikatoka kichwani, lile shimo la ukingoni, nikala kete nane, nikazunguka, nikala tena, kibaraza kimenyamaza, wananihesabia shimo kwa shimo. Kete ya mwisho ikalala shimo moja kabla ya pale nilipopataka. Nikapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani akakurupuka. Nilifungwa, ndiyo. Jumla ya wiki nimefungwa mara kumi na nne na sikushinda hata moja.

Jumamosi mashua ilishushwa majini. Mjomba akanipeleka nikaingia ndani nikae kwenye ule upande niliougonga mimi. Nikapitisha kidole. Pakavu. Pembeni kwa kijana wake palikuwa na unyevu kidogo, sisemi zaidi.

Matumizi kwa wanaouliza: nauli kwenda na kurudi, mchele na sukari ya mjomba, kahawa ya wacheza bao wote mara mbili kwa sababu anayefungwa mkononi ananunua. Laki na themanini na kitu. Chenji imerudi nyumbani.

Dereva Mstaafu

Nilisema hatarudi, nafuta kauli. Ila hiyo ya kutambua pamba kwa sauti ni chai.

Mkaguzi wa Foleni

Dereva, wewe injini ukiisikia huijui kama ina tatizo?

Dereva Mstaafu

Hapo umenifunga mkononi.

Mchaga wa Kibosho

Mizinga hukupigwa?

Mkaguzi wa Foleni

Mmoja tu. Mjomba kaniomba nimtumie patasi mbili kutoka Kariakoo, na hela kanipa.

Mchaga wa Kibosho

Nahamia kwa wajomba.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimefurahi sana. Ila nikuulize tena kama mtu wa hospitali, usinichukie. Leo Jumatatu umepanda gari saa ngapi, na ulijisikiaje?

Mkaguzi wa Foleni

Saa kumi na moja kasoro, nimesimama mpaka Buguruni. Foleni ileile, jasho lilelile. Sitawadanganya kwamba niliona maua. Nilichokifanya nilikuwa nacheza ile ya tano kichwani, natafuta nilikosea wapi. Nadhani nilitakiwa nianzie shimo jingine. Nimepitiliza kituo.

Na kazini nimemwandikia mkubwa kuhusu zile siku 21. Mwanasheria wa Kijiwe, nikijibiwa vibaya nitakutafuta.

Mama Mapacha

Na mama watoto?

Mkaguzi wa Foleni

Anaondoka Ijumaa kwenda kwa dada yake Kondoa, siku tano, peke yake, ile chenji na nyongeza juu. Mimi na dogo tutabaki. Ameshaniandikia karatasi ya mambo ya kufanya, kurasa mbili, mbele na nyuma. Nimeisoma jana nikaelewa kwa nini uliuliza.

Mama Mapacha

Mwambie ale chakula cha moto.

Sina Kazi Nina Maneno

Mkuu, samahani kwa maneno yangu ya mwanzo. Swali moja. Hilo bao, mtu anaanzaje? Mimi najua draftu ya vizibo tu.

Mkaguzi wa Foleni

Jumapili saa kumi jioni ninakuja na dogo upande wenu, naye anataka kujifunza. Bao nimeazima kwa mzee wa mtaani, ila lina kete hamsini na tisa, tano zimepotea.

Sina Kazi Nina Maneno

Bondeni kwetu mikomwe ipo, imejaa miiba hatari. Asubuhi nikimaliza ndoo ya ishirini na mbili nitazichuma hizo tano.